Wiki tatu kidole juu ya kitufe

Mtihani nilifaulu, leseni nikapata, redio nikanunua, na bado zikapita wiki tatu nzima sijasema hata neno moja hewani. Kila siku ya neti nafungua redio dakika kumi kabla, nakaa, nasikiliza watu wanaitana kolsaini zao, yaani yale majina ya herufi na namba unayopewa na leseni, wanataniana, wanaagana, redio inanyamaza, mi naenda kulala. Kidole gumba kiko juu ya kitufe muda wote ila kubonyeza hapana.

Kwa asiyejua, neti ninayosema hapa sio ya goli. Ni kikao cha hewani cha watu wa redio ya ridhaa, wale wazungu wanaowaita ham, na jina hilo ukilitamka kwetu linakuwa hamu na mi naona limekaa mahali pake kabisa maana bila hamu hutoboi kwenye mambo haya. Watu wanakutana frikwensi moja, saa iliyopangwa, kuna mmoja anayeongoza, nitamwita msimamizi, yeye ndo anaita watu waripoti, anaandika kila kolsaini kwenye karatasi, anagawa zamu, na mkivurugana anawanyoosha. Kuna neti zilizonyooka ambapo huongei mpaka uitwe, na kuna zile za kupiga stori tu ambapo zamu inazunguka kama karata. Nyingi zipo kwa ajili ya mazoezi, ili siku simu zote zimekatika na kuna maafa watu wawe wameshazoea kusubiri zamu na kusema kwa kifupi, kwa sababu hicho kitu mtu hajifunzii siku ya maafa.

Sasa mi sio mtu wa aibu kihivyo. Kilichokuwa kinanikaba ni kwamba ukikosea kwenye simu umekosea kwa mtu mmoja, ukikosea kwenye redio umekosea mbele ya wote walioripoti na wale ambao hawajaripoti ila wako kimya wanasikiliza, na hao kwa kawaida ndo wengi. Najua kwa sababu mi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Wiki ya nne nikaandika kwenye kikaratasi kila nitakachosema: kolsaini, jina, mahali nilipo, sina ujumbe. Mistari minne. Msimamizi akasema "wageni na wanaoripoti kwa mara ya kwanza, karibuni," nikabonyeza, nikasoma kikaratasi chote kwa pumzi moja, nikaachia. Kimya. Halafu yule msimamizi na sauti yake ya upole kabisa: "Sijasikia mtu, tunaendelea." Nikajaribu tena alipoita mara ya pili. Akasema "hamna, haya tufunge orodha." Nikazima redio. Nilikasirika jamani, nikajiambia hawa wanajuana wenyewe kwa wenyewe, mgeni hatakiwi, na nikakaa wiki mbili sijaigusa.

Kumbe ni toni.

Ngoja nieleze hapa maana hili limewapoteza wengi. Ripita ni mtambo unaokaa juu, mlimani au kwenye jengo refu, inakusikia kwenye frikwensi moja na kukurusha kwenye nyingine, na kwenye ile bendi ya mita 2, yaani fungu la frikwensi zenye wimbi la urefu wa mita 2 hivi, tofauti ya hizo frikwensi mbili mara nyingi ni 600 kHz. Lakini ripita nyingi hazifungui mlango mpaka upige hodi, na hodi yenyewe ni mlio wa chini sana unaopita pamoja na sauti yako bila watu kuusikia, uko kati ya 67 na 254.1 Hz kutegemea ripita husika. Usipoutuma, kwa ripita ile we hupo. Redio yangu kwenye menyu ina sehemu mbili za toni, ya kupokea na ya kurusha, na mi nilikuwa nimeiweka toni sahihi kabisa, namba haijakosewa, kwenye sehemu ya kupokea. Kwa hiyo nawasikia vizuri kama wako sebuleni na wao hawapati kitu. Nilinuna wiki mbili kwa watu ambao hawakuwahi kunisikia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja tuliyekutana naye kwenye mambo ya chama, nikamweleza kwa uchungu, akaniuliza swali moja tu: "Ukiachia kitufe, ripita inakurudishia mkia?" Mkia gani tena mzee. Akanionyesha. Ukiingia kwenye ripita, ukiachia kitufe inabaki wazi kwa muda mfupi, utasikia biip au kimlio kidogo cha hewa halafu ndo inakata, hiyo ndo mkia. Usiposikia mkia hukuingia, acha kulaumu watu. Akasema tena, "na usiwe unabonyezabonyeza bila kujitaja, mwanangu, taja kolsaini useme unajaribu, halafu achia usikilize." Kubonyeza kimya kimya kuona kama ripita itafunguka ni tabia mbaya, na kwa nchi nyingi ni kosa la leseni pia.

Basi nikarudi. Nikasikia mkia wangu wa kwanza mchana mmoja hakuna mtu hewani, nikacheka peke yangu kama chizi.

Jioni ya neti nikaripoti na safari hii nikajibiwa: "Kituo kinachoishia na Mike, rudia." Mi siishii na Mike. Mi naishia na November. Kwenye spika ndogo ya redio ya mkononi M na N ni mapacha, na mi kwa woga nilikuwa nimetaja herufi tupu bila maneno yake. Na sehemu ya mbele ya kolsaini hawakuipata kabisa kwa sababu nilianza kuongea sekunde ileile niliyobonyeza, ripita ilikuwa bado inafunguka, silabi mbili za kwanza zikaliwa. Hili ni kosa la karibu kila mgeni na dawa yake ni ndogo mpaka inachekesha: bonyeza, vuta pumzi, ndo uongee. Na mwishoni maliza neno ndo uachie, maana wengine wanaachia kidole wakati mdomo bado unaongea.

Yale maneno ya herufi, Alfa, Bravo, Charlie, mi niliyakariri kwa mpangilio kama shairi ili nifaulu mtihani. Shida ni kwamba hewani hakuna anayekuuliza kwa mpangilio. Nilipotulia nikaanza kujizoesha na namba za magari, naliona gari mbele naisoma namba yake yote kwa maneno kabla halijakata kona. Orodha hiyo ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Machi 1956 kwenye mambo ya ndege, baada ya maneno kujaribiwa kwa watu wa lugha mbalimbali, ndo maana hata Alfa imeandikwa na f na Juliett ina t mbili, ni makusudi ili asiyejua Kiingereza asiikosee. Sasa wewe ukija na N kama Nyumba kwa sababu imekupendeza unamrudisha msimamizi nyuma, anaandika kwa haraka, anahitaji lile neno sikio lake limeshalizoea.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni kugongana. Mnaongea wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja anajua yuko peke yake kwa sababu ukiwa unarusha husikii. Kwenye FM mwenye nguvu zaidi anammeza mwenzake, au inatoka milio ya ajabu hamna anayeeleweka. Mwanzoni nikiona sijatajwa nilikuwa narudia palepale, narudia tena, kumbe nawagonga na wengine. Sasa hivi nafanya hivi: msimamizi akiita naacha watu wawili watatu wapite, halafu nasema "hapa ni", naachia kitufe kidogo, nasikiliza kama kuna mtu mwingine juu yangu, kukiwa shwari ndo nataja kolsaini. Ile pengo la sekunde moja limeniokoa mara nyingi. Na msimamizi akisema "nimempata fulani, fulani na fulani, wengine subirini," we subiri tu, ataita tena, hakuna msimamizi anayeita mara moja akaondoka.

Na ukiwa na ujumbe wa dharura hiyo ni habari nyingine, hapo hupangi foleni, sema dharura na kolsaini yako, kila mtu atanyamaza. Mara moja tu nimesikia ikitokea kweli, ajali ya barabarani, mtu akaingia katikati ya zoezi, na ule ukimya wa watu wote kwa pamoja sijausahau.

Sasa aibu zenyewe. Ya kwanza: kwenye kuagana watu wanasema sabini na tatu, hiyo ni desturi ya zamani za telegrafu, 73 maana yake salamu za heri. Kuna na 88 pia, ambayo ni mapenzi na mabusu. Wiki ya pili ya kuripoti nimeshapata ujasiri, nikamuaga msimamizi, mtu mzima mwenye sauti nzito kabisa, nikamwambia kwa kujiamini: themanini na nane. Kukawa kimya. Halafu akasema, "Asante kijana, nitamwambia mke wangu." Ripita ilijaa vicheko, watu wanagongana kwa kucheka, na mpaka leo kuna wawili watatu nikiaga wananiuliza nimechagua namba gani leo.

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa kwenye gari, maiki ya nje ina waya, nikaiweka kwenye kiti nikawekea begi juu. Begi likakaa kwenye kitufe. Mi nikaendelea na safari yangu naimba, alafu simu ikaja nikapokea nikaanza kulalamika kuhusu kazi, mambo ya ndani kabisa. Ripita nyingi zina saa ya kukata anayerusha bila kupumzika, hii yetu inakata baada ya dakika 3, kwa hiyo watu walipata dakika tatu kamili za wimbo na malalamiko kabla haijanikatia. Kilichonishtua ni redio yenyewe kuwa ya moto nilipotoa begi. Hakuna aliyenikaripia, mmoja tu alisema sauti ipo, kazi aache. Tangu siku hiyo maiki naitundika mahali pake hata kama nashuka dakika moja.

Kuhusu vifaa sitakaa sana, ila jambo moja lazima. Kila mtu alikuwa ananiambia "unaingia lakini una mafuta yanakaanga nyuma," yaani sauti yangu ina kelele ile ya chwaa, na mi wazo langu la kwanza likawa ni redio yenye nguvu zaidi. Redio yangu ni ya wati 5 na zinatosha kabisa. Tatizo ni kile kiantena kifupi cha mpira kinachokuja nayo, na mi nilikuwa naongea nimelala kwenye kochi, redio imelala pia, na ripita nyingi antena zake zimesimama wima kwa hiyo yako ikilala unapoteza sana. Nikasimama dirishani redio ikiwa wima, mdomo upande wa maiki umbali wa vidole vitatu hivi badala ya kuimeza, kelele ikapungua nusu. Baadaye nikapata antena ya gari yenye sumaku, urefu wake karibu nusu mita ambayo ndo robo ya wimbi kwenye mita 2, nikaibandika katikati ya sinia la chuma nikaliweka juu ya kabati. Hiyo antena inataka bati chini yake ndo ifanye kazi, juu ya mbao tupu haikusaidii kihivyo. Wageni wakija wanauliza sinia linafanya nini pale juu nawaambia usiguse. Na betri: kusikiliza kunakula kidogo sana, kurusha kunakula mno, kwa hiyo inaweza kuonyesha imejaa saa nzima ya kusikiliza halafu zamu yako ikifika unabonyeza inazima. Imenitokea mara mbili. Natamka jina tu, giza.

Baada ya miezi kadhaa yule mzee akanikaribisha nyumbani kwake kujaribu neti ya masafa marefu, kwenye bendi ya mita 40, hapo kwenye 7 MHz hivi. Ya kwanza tuliikosa na kosa ni langu, ratiba ilikuwa imeandikwa kwa UTC, ile saa moja ya dunia nzima, na mi niliisoma kama saa ya ukutani. Na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna hesabu mbili za kufanya, unaitoa saa mbili usiku unaipeleka 20:00 halafu ndo uanze kuihamisha UTC, siku nyingine unajikuta umerudi jana. Sasa kwenye daftari langu la redio naandika UTC peke yake, mwanzo hadi mwisho.

Ya pili tukaiwahi. Huku hakuna ripita, hakuna mkia, sauti zinapanda na kushuka kama mtu anaongea huku anatembea kuzunguka nyumba. Msimamizi namsikia kwa tabu, naita, hanipati. Naita tena, wapi. Zile hisia za mwanzo zikaanza kurudi. Mara sauti nyingine safi kabisa, mtu wa mbali zaidi: "Nimempata kituo kinachoishia na November, naweza kukupokezea." Na akampa msimamizi kolsaini yangu yote, neno kwa neno. Mawimbi ya bendi hii yanaweza kupanda juu yakaruka watu wa katikati na kutua mbali, kwa hiyo asiyekusikia anaweza kuwa karibu na anayekusikia akawa nchi nyingine, wala sio suala la kudharauliwa. Mzee akaniambia mambo ya kupokezana ni ya tangu mwanzo wa fani, chama cha Wamarekani kilichoanza 1914 kimebeba mpaka leo neno hilo la kupokezana kwenye jina lake, kwa sababu mwanzilishi wake, Hiram Percy Maxim, alitaka kupeleka ujumbe mji wa jirani, mitambo yake haikufika, ikabidi apate mtu wa katikati. Nilipenda sana. Siku hiyo nami nikampokezea mtu mmoja, nikakosea jina lake, akarekebisha, tukaendelea.

Mwaka ulipotimia wakaniambia zamu ya kusimamia ni yangu. Nilikataa mara mbili. Nilipokubali nikaelewa kwanini msimamizi hujibu kwa mkato, sio ukali. Una kalamu mkono mmoja, kitufe mkono wa pili, watu watano wameita kwa mpigo umepata nusu ya mmoja na mkia wa mwingine, unaandika "...kitu Papa?" na alama ya kuuliza. Mtu akija akasema kolsaini kwa maneno, jina, sina ujumbe, anaachia, unataka kumkumbatia. Na yule anayeanza kwa kueleza hali ya hewa, afya yake, redio anayotumia, na antena, na historia ya antena, halafu anamaliza bila kutaja kolsaini, huyo nilimjua vizuri maana nimewahi kuwa yeye.

Zamu yangu ya nne au ya tano hivi kilitokea kitu. Nimeita wageni, ripita ikafunguka, hamna sauti, ikabaki hivyo kama sekunde mbili, biip, ikafunga. Nikajua kabisa hiyo sio hitilafu. Wiki iliyofuata tena, palepale nilipoita wageni: ikafunguka, kwa mbali nikasikia kama karatasi inakunjwa, biip. Kikaratasi! Nikabonyeza nikasema, "Kituo kilichobonyeza sasa hivi, unaingia safi kabisa, mkia wako nimeusikia. Jina sihitaji, mahali sihitaji. Nitajie kolsaini tu, taratibu, nina kalamu na hatuna haraka." Nikaachia. Kimya. Mmoja wa wakongwe akataka kuingia, nikamsikia anaanza, nikamwambia asubiri.

Ikafunguka tena. Pumzi ndefu kwanza. Halafu sauti ya binti, inatetemeka, herufi moja moja kwa maneno yake yote sahihi, na akamaliza vizuri kabisa kabla ya kuachia. Nikaiandika kolsaini ile kwa herufi kubwa, nikamrudishia yote kama alivyoitaja nikamkaribisha. Akabonyeza mara moja tu zaidi, akasema, "Asante. Themanini na nane," na mi nikazima maiki nikacheka mpaka nikakosa pumzi ya kuita anayefuata.